MUHOGO HAUJUI MPAKA: UTAFITI WA KILIMO NI HAKI YA MKULIMA



Likitajwa neno haki, wengi wetu hufikiri kwanza habari za mahakama, polisi, mirathi ya wajane na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hayo ni mambo makubwa, wala hatutaki kuyapunguzia uzito. Lakini ipo haki nyingine ambayo haifikishwi mbele ya hakimu, na ikikosekana nyumba hulala na njaa. Ni haki ya mkulima ya kupata mbegu nzima na elimu ya kweli juu ya zao analolitegemea. Katika kurasa hizi tunapenda kuitafakari haki hiyo kwa kuutazama muhogo, na hasa namna watafiti wa nchi mbalimbali walivyoshirikiana, au walivyoshindwa kushirikiana, ili kumsaidia anayeulima.

Zao la fedha na zao la uzima

Hapa Mpapura, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mkoa wa Mtwara, kila mtu anajua kazi ya korosho na kazi ya muhogo. Korosho hulipa ada ya shule, bati la nyumba na deni la dukani. Muhogo hulisha watu. Hukaushwa ukawa makopa, husagwa ukawa unga wa ugali, huchemshwa asubuhi kabla ya watu kwenda shamba, na majani yake ni kisamvu. Mwaka ambao mvua imekuwa haba na mahindi yamekauka, ni muhogo uliobaki ardhini unaomwepusha mtu na kuingia porini kuchimba ming'oko kwa kulazimishwa na njaa.

Hata hivyo mazao haya mawili hayatendewi sawa. Korosho ina bodi yake, ina vyama vya ushirika, ina minada ambayo bei zake hutangazwa redioni, na inapouzwa nje hutozwa ushuru unaoingia katika mapato ya nchi. Kwa sababu hiyo ikiugua, wakubwa husikia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Bei duni, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiri unga viliangusha mavuno hayo hadi tani zipatazo 16,500 msimu wa 1986/87. Taifa zima lilijua. Watafiti wa Naliendele walifanya kazi kubwa juu ya matumizi ya salfa na miche bora ya kubebesha, na leo hakuna mkulima wa korosho mkoani kwetu asiyejua faida ya kazi hiyo.

Muhogo hauna mnada. Huliwa nyumbani, na kinacholiwa nyumbani hakionekani katika hesabu za fedha za kigeni. Ukiugua, wa kwanza kujua ni mama aliyekwenda kung'oa shina moja kwa ajili ya chakula cha mchana. Mara nyingi huyo huwa pia wa mwisho kujua, maana hana wa kumpelekea habari.

Ugonjwa uliokaa pwani karibu miaka sabini

Ugonjwa tunaousema hapa ni ule uitwao michirizi ya kahawia. Unatofautiana na batobato. Batobato hukunja majani na kuyatia mabaka, hata mtoto akaweza kuuona kutoka njiani. Michirizi ya kahawia ni adui wa kujificha. Majani ya chini hupata manjano kando ya mishipa yake, shina huonyesha michirizi, lakini shamba zima laweza kuonekana la kijani na lenye afya. Mwenye shamba hulitazama akaona ana akiba. Siku ya kuchimba hukuta mizizi ina uozo mkavu wa rangi ya kahawia, mgumu kama gome, usiofaa kupikwa wala kukaushwa. Wapo wanaong'oa mapema kabla mizizi haijaharibika. Hao huokoa sehemu ya chakula, lakini hupoteza ule uzito ambao muhogo ungeuongeza kama ungeachwa ardhini.

Ugonjwa huu haukuanza jana. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha Amani katika milima ya Usambara. Tangu hapo ulijulikana kuwa ni ugonjwa wa nyanda za chini: pwani ya Kenya, ya Tanganyika na ya Msumbiji, pamoja na kandokando ya Ziwa Nyasa. Ilipofika mwaka 2001 tu ndipo vipimo vya maabara vilipothibitisha aina ya virusi vinavyouleta. Kisha mwaka 2004 ulionekana Uganda, mahali palipodhaniwa kuwa ni juu mno kwake, na miaka iliyofuata ukaenea katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria na kuelekea mashariki ya Kongo.

Hapa tunaomba msomaji ahesabu pamoja nasi. Kutoka mwaka 1936 hadi 2004 ni miaka 68. Hatusemi kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Kazi ya Amani, tutakayoieleza hapa chini, ilikuwa ya thamani kubwa, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Naliendele pamoja na wenzao wa Uingereza walipita katika mashamba ya kusini kupima ukubwa wa madhara. Lakini fedha nyingi na miradi mikubwa ya nchi nyingi kwa pamoja ilikuja baada ya ugonjwa kuvuka na kufika kwenye maziwa. Mmoja wa miradi hiyo ulianza mwaka 2007 katika nchi sita, yaani Burundi, Kongo, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, ukiongozwa na shirika la misaada la Kanisa Katoliki la Marekani, CRS. Ulifanya kazi njema. Lakini kwa upande wa Tanzania ulikuwa wa Kanda ya Ziwa. Pwani ya kusini, ambako ugonjwa ulikuwa mwenyeji wa miongo mingi, haikuwa eneo lake.

Je, mizizi iliyooza Mtwara ilikuwa na thamani ndogo kuliko ile iliyooza Mukono? Bila shaka hapana. Ila sauti ya mkulima wa Mtwara ilikuwa ndogo zaidi. Hilo ndilo tunaloliita suala la haki.

Safari ya muhogo wa Amani

Yapo mafundisho mema katika historia hii, na hatuna budi kuyataja ili tusionekane watu wa kulalamika tu.

Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, Storey na wenzake, akina R. F. W. Nichols na D. L. Jennings, walifanya kazi ya kuzalisha mihogo inayostahimili magonjwa. Walichukua muhogo wa kawaida wakauchanganya na miti ya mwitu ya jamii yake, hasa ule utoao utomvu wa mpira, kisha wakaurudisha tena na tena kwenye muhogo hadi wapate mizizi ya kuliwa. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Chini ya Waingereza kikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Baada ya kuundwa mwaka 1948 kwa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Muguga karibu na Nairobi, kazi ya kilimo ilihamia huko.

Mbegu za Amani hazikubaki Amani. Katikati ya miaka ya 1950 baadhi yake zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Huko zikazaa mihogo iliyotumiwa baadaye na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilipozuka Uganda, na katika miaka ya 1990 ilipoangamiza mashamba ya nchi hiyo na kusambaa hadi Kenya magharibi na Kanda ya Ziwa ya Tanzania, mihogo iliyotegemewa kuwaokoa wakulima ilikuwa ya ukoo huo. Ililetwa kutoka Ibadan na kuzalishwa kwa wingi Uganda kwa majina kama Migyera na Nase. Kwa maneno mengine, kilichotoka Usambara kwenda Afrika Magharibi kilirudi Afrika Mashariki kikiwa kimezaa. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Jambo la pili latuhusu sisi kwa karibu zaidi. Mmoja wa mihogo ya Amani, uliokuwa na namba 46106/27, uliingia mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya waliuita Kaleso. Kusini mwa Tanzania uko muhogo uitwao Namikonga. Watafiti walipokuja kuipima mihogo hii miwili kwa vipimo vya vinasaba, walikuta kuwa ni muhogo mmoja wenye majina mawili. Serikali za kikoloni zilikwisha ondoka, shirika la Muguga lilikwisha vunjika, lakini wakulima waliendelea kukata pingili za Namikonga na kuzipanda msimu baada ya msimu, mama akimpa binti yake, jirani akimpa jirani. Wanasayansi walipohitaji tena kinga dhidi ya michirizi ya kahawia, waliikuta imetunzwa mashambani.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ambamo Namikonga ulichanganywa na Albert, muhogo unaofahamika sana pwani na ambao huugua upesi, ili kutafuta ni sehemu zipi za urithi wa mmea zinazoleta kinga. Majaribio yake yalifanyika Naliendele na Chambezi, Bagamoyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mkulima wa kusini ni mpokeaji wa msaada tu. Yeye ni mtunzaji wa hazina ambayo wataalamu wa dunia wameihitaji.

Yaliyovunjika na yaliyojengwa upya

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Watu hukumbuka kugawana ndege, reli na meli. Ni wachache wanaokumbuka kwamba na utafiti wa kilimo uligawanyika. Kila nchi ilibaki na vituo vilivyokuwa katika ardhi yake, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa pamoja ikawa ya kila mtu kivyake. Nzi weupe wanaoeneza virusi vya muhogo hawakupata habari za kuvunjika huko. Waliendelea kuruka.

Ujenzi mpya ulichukua muda. Mwaka 1994 iliundwa ASARECA, chama cha taasisi za utafiti wa kilimo za Afrika Mashariki na Kati, chenye makao yake Entebbe. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kuanzia mwaka 2009 Ethiopia, Kenya, Tanzania na Uganda ziliingia katika mradi wa pamoja ambamo kila nchi ilipewa zao la kuliongoza kwa niaba ya wenzake: Ethiopia ngano, Kenya ng'ombe wa maziwa, Tanzania mpunga na Uganda muhogo. Wazo lenyewe ni la busara ya kijijini kabisa. Mwenye jiko kubwa apike, mwenye mtungi achote maji, na wote wale.

Mfano ulio bora zaidi kwa muhogo ni kazi iliyoanza mwaka 2012 chini ya IITA. Kenya, Malawi, Msumbiji, Tanzania na Uganda zilikubaliana kila moja itoe aina zake bora za muhogo, zisizozidi tano, ili ziwafae wote. Mihogo hiyo haikupakiwa kwenye magunia na kuvushwa mipaka, kwa sababu ingebeba ugonjwa. Vikonyo vidogo vilikuzwa ndani ya chupa za maabara, vikaondolewa virusi na kupimwa Uingereza na Muguga, katika kituo cha karantini ya mimea cha Kenya, kisha mimea safi ikagawiwa kwa nchi zote tano. Muguga ile ile iliyokuwa makao ya utafiti wa pamoja kabla ya 1977 ikawa tena mlango wa kubadilishana mbegu. Kila nchi ilitoa chache ikapata nyingi.

Mto Ruvuma

Sisi wa Mtwara tunalo la kuongeza, maana tunaishi karibu na mpaka. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili za Ruvuma. Watu huvuka kwa ndoa, kwa misiba, kwa biashara na kwa kilimo, na anayekwenda kumtembelea shangazi yake hurudi na pingili za muhogo alioupenda. Hivyo ndivyo mihogo ilivyosafiri tangu zamani, na ndivyo ugonjwa unavyosafiri vilevile. Nzi weupe huufikisha shamba la jirani. Anayeupeleka mbali ni binadamu, na huupeleka akiwa na nia njema.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliukuta ugonjwa huu umeenea sana katika majimbo ya Nampula na Zambezia. Adui wetu na adui wa Wamsumbiji ni mmoja. Lakini katika makaratasi sisi na wao tuko katika nyumba mbalimbali. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na katika ASARECA, Msumbiji haimo. Wote wawili tumo katika SADC, ambayo tangu mwaka 2011 ina chombo chake cha kuratibu utafiti wa kilimo kiitwacho CCARDESA, chenye makao yake Gaborone. Kwa hiyo njia ya kukutana ipo. Tunachouliza ni hiki: je, njia hiyo inafika mtoni, au inaishia kwenye kumbi za mikutano huko Entebbe na Gaborone?

Tena, hakuna utafiti wa mashambani pasipo amani. Tangu Oktoba 2017 watu wa Cabo Delgado wameteswa na vita vilivyowakimbiza mamia ya maelfu kutoka makwao, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu, kilivamiwa na watu wakauawa. Mkimbizi huacha shamba, na akiacha shamba huacha mbegu. Aina za muhogo zilizotunzwa na bibi na babu zaweza kupotea katika msimu mmoja wa kukimbia. Anayefanya kazi ya amani kando ya Ruvuma analinda pia chakula.

Mkulima anadai nini?

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunatoa rai zifuatazo kwa wanaopanga utafiti na kwa wanaotuwakilisha kwenye halmashauri na bungeni.

Kwanza, matokeo yarudi. Mtafiti anapokuja kijijini huuliza maswali, hupima mizizi, hukata majani na kuondoka nayo. Hatumkatazi, tunamkaribisha. Lakini kilichogunduliwa kirudi kwa Kiswahili chepesi mbele ya mkutano wa kijiji. Shamba la mkulima si daftari la kuchukuliwa na kutorudishwa.

Pili, mbegu safi zifike karibu. Aina nzuri iliyo Naliendele au Muguga haimfai mtu kama hawezi kuipata kabla ya mvua za kwanza. Tanzania ina Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, na upo utaratibu wa mkulima wa kijijini kuzalisha mbegu zilizokaguliwa na kuwauzia wenzake. Utaratibu huo uimarishwe katika kila kata. Isionekane kwamba mkaguzi ana gari la kufika kwenye mikorosho, lakini kwenye mihogo hana.

Tatu, mtunzaji wa mbegu aheshimiwe. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa Roma mwaka 2001 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazitambua katika kifungu chake cha tisa haki za wakulima: maarifa yao ya jadi yalindwe, wagawiwe kwa haki faida zitokanazo na mimea waliyoitunza, na washiriki katika maamuzi yanayoihusu. Maneno hayo yamekwisha kukubaliwa. Tunadai yatekelezwe.

Nne, nchi zetu zitoe fedha zao wenyewe. Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Maputo kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Miradi tuliyoitaja ilitegemea sana fedha za wahisani. Tunawashukuru. Lakini mhisani ana kalenda yake na ramani yake. Mradi una mwanzo na mwisho. Ugonjwa hauna tarehe ya kufunga ofisi. Kama serikali za Tanzania na Msumbiji zingekuwa na fungu la kudumu la utafiti wa muhogo wa pwani, tusingelazimika kungoja hadi ugonjwa uwafikie wengine ndipo nasi tuonekane.

Majibu kwa wenye mashaka

Wapo wanaouliza: kwa nini tuwape nchi nyingine mbegu zetu nzuri? Si watatushinda sokoni? Jibu liko katika safari ya Amani. Kama mbegu zile zingefungiwa Usambara, batobato ya miaka ya 1990 ingekuta ghala tupu. Zaidi ya hayo, muhogo wenyewe si mwenyeji wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa na Wareno. Sote tulianza kwa kupewa.

Wengine husema: wakulima wenyewe hawafuati ushauri, wameng'ang'ania mihogo yao ya zamani. Neno hili lina chembe ya ukweli na gunia la dharau. Mkulima haachi aina ya muhogo anayoipenda kwa ladha, kwa unga wake na kwa jinsi inavyokaa ardhini, kwa sababu tu mgeni amemletea nyingine inayostahimili ugonjwa. Hula muhogo, hali kinga. Ndiyo maana anapaswa kukaa na mtafiti tangu mwanzo, aonje, achague, na akatae. Tunakumbuka kwamba Kiroba, aina iliyosambazwa sana pwani kwa sababu huvumilia michirizi ya kahawia, ilitoka katika mashamba ya wakulima wa pwani wenyewe.

Wajibu wetu

Haki huambatana na wajibu, na ubaya wa mfumo usitufanye tukunje mikono. Yapo mambo ambayo hatuhitaji ruhusa ya mtu kuyafanya.

Tuchague pingili kutoka kwenye mashina ambayo tumeyakagua majani yake ya chini na mashina yake, na ambayo mizizi yake tumeiona siku ya kuchimba kuwa ni mizima. Tukumbuke pia kwamba aina inayovumilia yaweza kuonekana nzima huku imebeba virusi. Kwa hiyo pale inapowezekana tununue mbegu iliyokaguliwa. Shina lenye dalili ling'olewe mapema, lisiachwe kwa huruma. Shamba jipya lisipandwe ubavuni mwa shamba kuukuu lenye ugonjwa. Na tunaporudi safari, iwe ni kutoka ng'ambo ya Ruvuma au Newala tu, tusibebe pingili tusizozijua asili yake. Tukitaka aina hiyo, tumwulize kwanza afisa ugani.

Viongozi wa jumuiya nao waweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kuandika katika daftari majina ya mihogo yote inayopandwa katika eneo lao, nani anayo, ina sifa gani na inaugua kiasi gani. Wazee, na hasa akina mama, wanayajua hayo kwa kichwa. Daftari hilo likiwekwa mbele ya mtafiti au diwani, mazungumzo yatakuwa ya watu wawili wenye kitu mkononi, si ya mwombaji na mtoaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulionekana mwaka 1936, na sehemu ya ukuta imekwisha kuanguka. Lakini Namikonga bado unapandwa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu tunapanda aina zipi za muhogo? Zipi zimepotea tangu utoto wetu, na kwa nini?
2. Mara ya mwisho tulipopata mbegu mpya ya muhogo, ilitoka wapi, na nani aliikagua?
3. Je, yupo mtafiti aliyewahi kufanya kazi katika mashamba yetu? Alirudi kutueleza alichokipata?
4. Tukipata nafasi ya kuzungumza na diwani au mbunge wetu juu ya utafiti wa muhogo, ni jambo gani moja tutakalolidai kwanza?
5. Tunao ndugu upande wa pili wa Ruvuma. Tufanye nini pamoja nao ili ugonjwa usivuke, na mbegu nzuri ivuke?